Hongera, Mafundi wa Pete

Kizazi kikishuka, wengi huficha. Mama anakaa upande kwenye benchi, harusi anazikwepa, na jirani anamnong'oneza kwamba dawa ni kisu tu. Si kweli, na wanaolijua hilo kwa mikono yao ni wauguzi na wafiziotherapia wa kliniki za wanawake.

Muuguzi anapima kwa vidole, anachagua pesari, ile pete laini ya silikoni, anaikunja, anaipaka jeli, anaiingiza taratibu. Kisha: “Haya mama, simama. Tembea. Chuchumaa. Kohoa.” Ikichomoka, anajaribu saizi nyingine bila kununa. (Wagiriki wa kale walitumia nusu ya komamanga, tumetoka mbali.)

Mfiziotherapia naye anafundisha kubana misuli ya nyonga, kama anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, bila kuzuia pumzi. Kwa kizazi ambacho hakijashuka sana, mazoezi hayo huchukua wiki 16 au zaidi, na kila wiki yeye ndiye wa kumtia moyo mama aliyechoka. Kwa hilo nawavulia kofia.

Dada, ukihisi kitu kinashuka, waulizie. Na ukishawekewa pete, usiache kurudi kukaguliwa.