Paa la Kasubi na Kuta za Madarasa

Apandaye kutoka soko la Kasubi, akaiacha nyuma barabara ya Hoima na mngurumo wa bodaboda zake, huzikuta shule kabla ya kuyakuta makaburi ya wafalme. Na kwa kuwa shule za Kampala siku hizi hushindana kwa sura, hana budi kuzitazama hata asipotaka. Moja ina orofa nne, vioo vya buluu, na mbele ya lango nguzo mbili nene za saruji zisizobeba kitu chochote. Nyingine imepakwa manjano na zambarau, ukutani wamechorwa wanyama wa katuni za ng'ambo, na wito wake umeandikwa kwa herufi zisomekazo tangu upande wa pili wa bonde. Zote zimeelekeza uso barabarani, apitapo mzazi mwenye karo mfukoni. Ukiingia ndani, walakini, utaona chumba cha pembe nne, sakafu iliyochimbika, madirisha madogo yenye nondo, na ukuta ambao rangi yake iliishia pale macho ya mgeni yalipokoma: mfano wa mtu aliyevaa joho la hariri juu ya kanzu iliyochanika.

Juu ya kilima mambo ni kinyume. Muzibu-Azaala-Mpanga, nyumba kuu aliyoijenga Kabaka Muteesa wa Kwanza mwaka 1882 iwe kasri yake, na ambamo alizikwa miaka miwili baadaye, na baada yake wakalazwa humo Mwanga, Daudi Chwa na Muteesa wa Pili, kwa nje haina pambo hata moja. Ni nyasi tu, zimeshuka kwa mteremko mmoja wa taadhima kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Mapambo yako ndani: nguzo zimevikwa nguo za magome ya mti, na juu, chini ya nyasi, zimepangwa pete 52 kwa hesabu ya koo za Buganda, kila moja ndani ya mwenzake, hata aketiye mkekani akiinua macho huwaona watu wote wa nchi wamelishika paa. Fundi aliuweka uzuri upande wa akaaye, akamwachia mpita njia umbo peke yake. Sijui insafu kubwa kuliko hiyo katika kazi ya kujenga.

Kazi ya kuezeka pale si ya kila mwenye mikono. Ni haki ya ukoo wa Ngeye, ambao mwiko wao ni mbega, kama vile kuzipamba nguzo na pete kulivyo haki ya ukoo wa Ngo, wenye chui. Nimemtazama mzee mmoja wa ukoo wa Ngeye akiwa kazini, na naungama kuwa sikuuona upesi ustadi wake, kwa kuwa ustadi huo aghalabu ni wa kukataa. Vijana walimpandishia matita ya nyasi yaliyokwisha kuchambuliwa majani. Yeye akalipokea tita, akaligonga chini ya kiganja ili vichwa vya mabua vilingane, akalipima uzito mkononi kwa kitambo kisichozidi pumzi moja, kisha ama akalipachika mahali pake, ama akalirudisha chini bila neno. Aliyerudishiwa hakuuliza sababu. Alikaa akalifungua, akalichambua upya, akatoa bua lililooza au lililokomaa mno, akalifunga tena, akalipeleka. Mimi niliyekulia chini ya makuti, ambayo huvuja baada ya misimu michache nasi tukayavumilia kwa kuwa minazi haituishii, niliona haya kidogo. Mzee hakuwa na kipimo cha maji wala kamba, ila mstari wa chini wa nyasi zake ulizunguka bila kigugumizi.

Sisemi madarasa yaezekwe nyasi. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba ile iliteketea, na miaka mingi ikapita katika kuijenga upya, hata UNESCO, iliyoiandika katika urithi wa dunia mwaka 2001, haikuiondoa katika orodha ya mahali palipo hatarini ila mwaka 2023. Hata kanisa kuu la Namirembe, lililokuwa na paa la nyasi juu ya matofali, lilichomwa na radi mwaka 1910. Moto hauheshimu mfalme wala askofu, seuze mtoto wa darasa la kwanza. Tena ni dhuluma kumlaumu aliyejenga kwa dharura: elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 1997, watoto walioandikishwa nchini walitoka karibu milioni 3 wakapita milioni 5, na serikali iliyotakiwa kuwatia wote chini ya paa haikuwa na wasaa wa kutafuta haiba. Madarasa ya mabati yaliyojengwa kwa ramani moja nchi nzima yana udhuru wake, nami nayapita kwa heshima.

Wasio na udhuru ni hawa wenye nguzo zisizobeba kitu. Fedha ilikuwapo, iliyokosekana ni fikira ya nani atakaa humo. Msimu wa mvua uingiapo, nao Kampala huingia mara mbili kwa mwaka, mabati ya shule hizo hupigwa kwa kishindo hata sauti ya mwalimu isisikike kwenye dawati la pili. Naye huuacha ufafanuzi, hushika chaki, huandika ubaoni, na watoto hunakili kimya mpaka mawingu yapite. Dari ya mbao au ya matete, au tabaka moja la kitu laini chini ya bati, ingetosha kupunguza kishindo hicho, kwa gharama pungufu ya vile vioo vya buluu. Baraza pana la kukingia mvua na jua, lililokuwa desturi ya majengo ya zamani, limekatwa ili orofa isogee hadi kwenye mpaka wa kiwanja.

Na liko jambo liniumizalo zaidi. Kuezeka hujifunza mtu kwa kukaa chini ya ngazi tangu utoto, akirudishiwa matita, mwaka baada ya mwaka; na saa za kukaa chini ya ngazi ndizo saa za shule. Kijana wa ukoo wa Ngeye hawezi kuwa pote pawili, na mzazi wake, kwa haki kabisa, humpeleka darasani. Kwa hiyo waezekaji niliowaona juu ya paa walikuwa wazee, na vijana waliowapandishia matita walikuwa wachache. Shule imewachukua wale ambao wangerithi mkono wa mzee yule, ikawaketisha miaka saba ya msingi ndani ya chumba ambacho hakuna fundi aliyerudishiwa kitu hata kimoja alipokuwa akikijenga.