Spika Ilimficha Babu

Kwenye matatu ya Suneka kwenda Kisii, spika nzuri ni ile inayotikisa kiti. Sibishani na hilo. Ngoma nyingi za gengetone zimeundwa kwenye kompyuta. Hakuna sauti ya mwanzo ya kulinganisha nayo, so ongeza besi utakavyo.

Obokano ni stori nyingine. Nyuzi zake 8 zinashuka chini sana, lakini si besi tupu. Zina mkwaruzo, ule mvumo kama wa nyuki, na ukiketi karibu na mpigaji unasikia kidole kikiachilia uzi. Kwenye mazishi ya babu yangu, aliyekuwa mpigaji, tuliweka rekodi yake kwenye spika za kukodi. Ukatoka mngurumo mmoja mnene. Vijana wakasema sauti ni noma. Nyanya akauliza ni nani huyo anapiga.

Swali lake ndilo kipimo changu. "Kila mtu na sikio lake" haimjibu mtu aliyeishi na sauti hiyo maisha yake yote.

Miaka ya 1980, huko Kanada, Floyd Toole aliwasikilizisha watu spika zilizofichwa nyuma ya pazia. Wengi walichagua zile zisizozidisha besi wala sauti za juu. Kumbe usahihi na ladha si maadui. Macho ndiyo yanatuponza. (Mimi mwenyewe woofa yangu niliinunua kwa sababu ya taa zake.)

Ile rekodi bado iko kwenye simu. Nyanya huisikiliza kwa iafoni za mia mbili, na hapo haulizi kitu.