Kitabu Kinachonyamaza Mahali Muhimu

Leo nahakiki kitabu kisicho na hata aya moja. The Real Book ni mkusanyo wa mamia ya nyimbo za jazi. Wimbo mmoja, ukurasa mmoja au miwili: melodi kwenye mistari mitano, juu yake herufi za kodi (si zile za serikali). Basi. Mkono wa kushoto ufanye nini, shauri yako.

Kilizaliwa Boston katikati ya miaka ya 1970, mikononi mwa wanafunzi wa Chuo cha Berklee. Kiliandikwa kwa mkono, kikatolewa kopi na kuuzwa kichinichini, watunzi wasipate kitu. Toleo halali la Hal Leonard lilikuja mwaka 2004, likiwa na mwonekano uleule wa mwandiko wa mkono.

Mimi nilianza na Autumn Leaves, wimbo wa Joseph Kosma. Nikaukariri kwenye E maina, kama kitabu kilivyonipa. Siku nilipokaribishwa kupiga na wenzangu, mpiga besi akaanza kwenye G maina. Mtu mzima nikakaa nimeduwaa, vidole juu ya kinanda. Nyumbani nikasikiliza rekodi ya Cannonball Adderley ya 1958, kisha ya Bill Evans ya 1959. Zote mbili, G maina. Yaani wenzangu waliujifunza wimbo kwa masikio, mimi nilikuwa nimejifunza karatasi.

Hapo ndipo ugomvi wangu na kitabu hiki ulipo. Herufi zake zinaonekana kama amri. Ukikuta Am7, kisha D7, kisha G, unazipiga noti zote kuanzia chini, na muziki unasikika kama mwalimu anayeita majina darasani. Lakini mpiga piano mwenye besi pembeni huiacha noti ya msingi, akashika ya 3 na ya 7 tu. Kwenye Am7 hizo ni C na G. Ukienda D7, C inabaki palepale na G inashuka nusu hatua tu. Kidole kimoja kimesogea, na wimbo umetembea! Hilo halimo ukurasani.

Wala hakuna ukurasa utakaokwambia kwamba kwa Evans, besi ya Scott LaFaro haimfuati piano nyuma kama mtumishi. Inadakia, inajibu, inauliza.

Msomaji wa mashairi atasema: hata bahari ya shairi ni hivyo, inakupa mizani na vina, maneno ni yako. Kweli. Ila anayetunga shairi kwa kawaida ameshasikia mashairi yakighanwa kabla hajahesabu mizani. Mwanafunzi wa jazi aliye mbali na wapigaji anaweza kuanza na mizani kabla hajasikia sauti, halafu akadhani hana kipaji. Nilikaribia kuuza kinanda changu kwa sababu hiyo.

Je, ninakipendekeza? Ndiyo, tena toleo halali, watunzi wapate haki yao. Ila kifunguliwe mwisho. Sikiliza wimbo mpaka uweze kuuimba ukiosha vyombo, utafute melodi kwa kidole kimoja, ndipo ufungue ukurasa kuangalia mlipotofautiana. Changu sasa kimejaa penseli. Pale kwenye Autumn Leaves, kodi zote nimeziandika upya.