Kazi inayofanyika chini ya matete

Mgeni akionyeshwa kitanda cha matete kinachosafisha majitaka, jicho lake huishia kwenye majani. Lakini pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watafiti wamepima kwa miaka mingi yanayotokea chini ya majani hayo, na majibu yao yanamhusu kila anayejenga shule au bweni, kuanzia Bunju hadi Mbagala.

Safari ya maji huanzia kwenye mabwawa ya chuo. Katika bwawa la kwanza uchafu mzito hutuama, pamoja na mayai ya minyoo. Juu hutanda mwani. Jua likiwaka, mwani hutoa oksijeni, bakteria huitumia kuvunja uchafu, nao huurudishia mwani hewa ya ukaa. Katika mabwawa ya mwisho, ambayo kina chake ni kifupi, mwani hufyonza hewa ya ukaa mchana kutwa hadi maji yanakuwa na alikali kali. Alikali hiyo na mionzi ya jua ndizo zinazoua bakteria wa kinyesi, bila klorini wala pampu ya hewa.

Kitanda cha matete hupokea maji kutoka mabwawani. Ni shimo refu lisilovuja, limejazwa kokoto na kupandwa Phragmites mauritianus, matete yaleyale yanayojiotea kando ya mito yetu. Maji huingia upande mmoja na kutokea wa pili, yakipenya katikati ya kokoto bila kuonekana juu. Kwangu mimi hapo ndipo penye akili kubwa ya usanifu huu: katika jiji la malaria na dengi, mbu hapati pa kutagia.

Sasa tuje kwenye hesabu. Mwaka 2005 watafiti Mayo na Bigambo walichapisha uchambuzi wa safari ya naitrojeni ndani ya kitanda cha namna hii. Karibu nusu ya naitrojeni iliyoingia iliondolewa. Takriban asilimia 30 iligeuzwa gesi na bakteria ikapotelea hewani, asilimia 8 hivi ikatuama, na matete yenyewe yakachukua asilimia 10 tu. Mizizi hupenyeza oksijeni kidogo kwenye kokoto. Pale inapofika, bakteria hugeuza amonia kuwa naitreti. Sentimita chache pembeni, pasipo na hewa, bakteria wengine huigeuza naitreti hiyo kuwa gesi. Matete ni mwenye nyumba. Wanaochapa kazi ni wapangaji.

Ndiyo maana muda wa maji kukaa kitandani una uzito kuliko wingi wa majani. Katika majaribio ya Mlimani yaliyochapishwa na Mashauri na wenzake mwaka 2000, maji yalipopitishwa polepole, kitanda kiliondoa asilimia 80 ya chembe zinazoelea, asilimia 66 ya uchafu unaopimwa kwa oksijeni ya kikemia, na asilimia 91 ya bakteria wa kinyesi.

Asilimia 91 inasikika vizuri, lakini tuipige hesabu. Tuseme maji yameingia na bakteria 100,000 katika kila mililita 100: yatatoka na 9,000. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1989 uliruhusu wasiozidi 1,000 kwa kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi. Kwa hiyo anayetaka kumwagilia kachumbari yake asiyaruke mabwawa eti kwa sababu matete yanapendeza. Jua linahitajika, na jua linataka eneo.

Teknolojia hii ilishatoka Mlimani. Huko Iringa iliwahi kujengwa katika Sekondari ya Ruaha na Chuo cha Ualimu Kleruu. Shule ya pembezoni mwa Temeke yenye ekari ya ziada na mteremko mdogo inaweza kuwa nayo, badala ya kungoja mvua kubwa ili kutapisha vyoo mtaroni.

Kinachoviua vitanda hivi ni tope. Huanza kuziba pale maji yanapoingilia, na dalili yake ni dimbwi juu ya kokoto. Ukiliona, chimbua kokoto za mwanzo, zioshe, uzirudishe. Matete nayo yavunwe, la sivyo majani yaliyooza huirudisha naitrojeni majini. Kazi hizo mbili zinahitaji mtu anayelipwa kila mwezi, na jina lake liingie kwenye bajeti ya shule kabla kokoto hazijamwagwa.