Lenzi Kongwe kwenye Kamera Mpya: Hesabu ya Milimita na Unyevu wa Beni

Uwezekano wa kufunga lenzi kongwe, ile inayolengwa kwa kuzungushwa kwa mkono, kwenye kamera ya leo hutegemea kipimo kimoja, nacho ni umbali kati ya mdomo wa chuma ambapo lenzi hukaa na kihisi, yaani kibamba kinachopokea mwanga badala ya filamu. Kamera za zamani zilikuwa na kioo cha kupeleka taswira kwenye jicho la mpiga picha, na kwa kuwa kioo hicho kilihitaji nafasi ya kuinuka, lenzi za uzi wa M42, ambazo hukazwa kama kifuniko cha chupa, zilitengenezwa kwa umbali wa milimita 45.46. Kamera isiyo na kioo, ambayo Panasonic G1 ya mwaka 2008 ilikuwa miongoni mwa za kwanza, iliufupisha umbali huo, hata ile ya Sony E ikabaki na milimita 18 tu, na pengo la milimita 27.46 likawa nafasi ya kuweka adapta, ambayo ni pete tupu ya chuma.

Unafuu wote wa njia hii umo katika utupu wa pete hiyo. Kamera ya kioo ya Nikon, yenye umbali wa milimita 46.5, haikuweza kupokea lenzi ya M42 na kulenga vitu vya mbali isipokuwa kwa adapta yenye kipande cha kusahihisha, ambacho mara nyingi kilipunguza ukali wa picha. Sasa kinachotakiwa ni unene sahihi tu: pete ikizidi unene, milima ya Ruwenzori haitalengwa kamwe kutoka mji wa Beni, mashariki mwa Kongo, na ikipungua kidogo, lenzi hupitiliza alama ya mbali kabisa, kasoro ambayo jicho huirekebisha. Ndiyo maana adapta nyingi za bei nafuu hukatwa nyembamba kidogo kwa makusudi, ingawa kwa kufanya hivyo namba za umbali zilizochongwa kwenye lenzi hukoma kuaminika.

Mfano unaofaa ni Helios 44-2 ya Kisovieti, yenye urefu wa fokasi wa milimita 58, ambayo ilifuata muundo wa Biotar ya Zeiss na kutengenezwa kwa wingi mno, jambo linaloifanya iendelee kuwa ya bei nafuu. Tundu lake la mwanga hufunguka hadi namba 2, ambayo ni urefu wa fokasi uliogawanywa kwa kipenyo cha tundu, na lina pete mbili, moja ya kuweka kikomo na nyingine ya kufungua na kufunga hadi kikomo hicho, kwa hiyo halihitaji amri yoyote kutoka kwenye kamera. Kwenye kihisi kidogo cha aina ya APS-C pembe yake hulingana na ya lenzi ya milimita 87, ambayo ni pembe nzuri kwa sura za watu. Kwa kuwa miji jirani ya Butembo na Beni ipo chini ya digrii moja kaskazini ya ikweta, jua la adhuhuri huangukia karibu utosini na kutia giza machoni, hivyo mpiga picha hulazimika kumsogeza mtu barazani, na huko kivulini ndiko tundu pana linakolipa. Mng'ao wa mapaa ya mabati, kwa upande mwingine, huifubaza picha ya lenzi hii upesi, na kofia ya lenzi si pambo.

Kamera huamriwa kwanza ikubali kupiga bila kuitambua lenzi, kisha ichague yenyewe kasi ya shata. Rangi zinazowekwa kwenye kingo za vitu vilivyolengwa husaidia, lakini kwa tundu la 2 na mtu aliye mita 2 mbele, eneo lililo wazi halizidi takriban sentimita 10, kwa hiyo kukuza taswira ya jicho ndiyo njia ya kuaminika. Bibi harusi anayeingia kanisani akicheza hawezi kusubiri kazi hiyo.

Adui mkubwa ni unyevu. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari na ina ubaridi, ilhali Beni, takriban kilomita 50 tu mbele, iko chini zaidi, ina joto na inapakana na msitu, hivyo lenzi baridi inayofunguliwa hapo hutoa jasho ndani, na kuvu huota juu ya utando wa vioo na hatimaye kuutafuna. Kabla ya kununua, tochi ya simu imulikwe kutoka nyuma, tundu likiwa wazi, ili nyuzi za kuvu zionekane. Aliyekwisha kununua aachane na mfuko wa ngozi, aihifadhi lenzi katika chombo kinachofunga vizuri pamoja na vipakiti vya silika, na katika safari aiache begini hadi ipate joto la mahali.

Kwa anayeishi kwa picha za sura, hasa yule ambaye kamera ilimaliza mtaji wake, lenzi hii ni ununuzi wa busara, mradi ni safi. Anayeishi kwa harusi abaki na lenzi inayojilenga yenyewe, na Helios iwe ya pili.