Felon: neno lisilofunguliwa lango

Reginald Dwayne Betts alikuwa na umri wa miaka 16 alipomnyang'anya mtu gari kwa bastola katika jimbo la Virginia, Marekani. Alifungwa zaidi ya miaka minane, pamoja na watu wazima. Diwani yake, Felon, ilitoka mwaka 2019. Msomaji wa pwani aliyelelewa na Sauti ya Dhiki ataipokea kwa wasiwasi. Abdilatif Abdalla alifungwa kwa sababu ya waraka alioandika, nasi tumezoea mshairi mfungwa awe mdhulumiwa. Betts kosa alilitenda, wala hakani.

Hapo ndipo diwani hii inapoingia katika mjadala mkubwa wa Wamarekani. Magereza ya majimbo na ya serikali kuu yalikuwa na watu wapatao laki mbili mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kufikia mwaka 2009 walikuwa milioni moja na laki sita, mahabusu wengi wa wilaya wakiwa nje ya hesabu hiyo. Kwa nini? Michelle Alexander, katika The New Jim Crow (2010), alitaja ubaguzi wa rangi na vita dhidi ya dawa za kulevya. James Forman alionyesha jinsi hata viongozi weusi wa Washington, kwa hofu ya heroini na bunduki, walivyounga mkono sheria kali. John Pfaff (2017) alijibu kwamba zaidi ya nusu ya wafungwa wa majimbo wamo kwa makosa ya kutumia nguvu, na kwamba mkono mzito ni wa waendesha mashtaka.

Naona hoja ya Pfaff ndiyo nzito, kwa kuwa inatudai tunachokiogopa: huruma kwa mwenye hatia. Betts anaidai bila kubembeleza. Mashairi yake bora ni yale aliyoyapata kwa kufuta kwa wino mweusi maneno ya hati za mahakama, kuhusu maskini waliowekwa ndani kwa kukosa fedha za dhamana. Kilichosalia ndilo shairi. Yale ya pombe, yakifuatana, huchosha.

Lakini felon tulifasirije? "Mfungwa" hukoma lango likifunguliwa. "Mhalifu" hutaja tendo tu. Felon amekwisha kutumikia adhabu, na jina lingali linamfuata kwenye fomu ya kazi, ya nyumba, na katika baadhi ya majimbo hata kwenye kura. Betts alihitimu sheria Yale, akafaulu mtihani wa uwakili, na bado mwaka 2017 Connecticut ilisita kwanza kwa kuichunguza tabia yake, ndipo ikamkubali. Niliandika "mwenye doa", nikalifuta, doa hufulika.