Mteremko wa Chai Kama Kipimo cha Mchoraji Mchanga

Ukuaji wa mwanafunzi katika uchoraji hupimwa kwa kulinganisha kazi zake mwenyewe za nyakati mbalimbali. Katika shule zilizozungukwa na mashamba ya Kericho na Bomet nchini Kenya, mada inayofaa zaidi kwa kipimo hicho iko nje ya dirisha: mteremko wa chai, uchorwe tena kila mwaka na mtoto yuleyule.

Chai si rahisi kuchora. Mche ukiachwa hurefuka ukawa mti, kwa hiyo hupogolewa na kuchumwa mpaka vilele vya shamba zima vilingane, kimo cha kiuno hivi. Kwa mbali huonekana uso mmoja uliosawazika. Kwa karibu ni majani yasiyohesabika. Machipukizi yana kijani kinachoelekea manjano, majani ya chini yamekolea, na kipande kilichopogolewa karibuni hubaki vijiti vya rangi ya udongo. Asubuhi ukungu hufifiza vilima vya nyuma. Mchoraji analazimika kuamua nini akionyeshe na nini akiache.

Viktor Lowenfeld, mtaalamu mzaliwa wa Austria aliyefundisha Marekani, alieleza hatua za uamuzi huo katika kitabu chake cha mwaka 1947. Mtoto wa miaka 7 hadi 9 huweka vitu vyote juu ya mstari mmoja wa ardhi. Shamba lake la chai huwa safu ya miche ya mviringo, kila mmoja peke yake, hakuna unaoufunika mwenzake. Kuanzia miaka 9 hivi mstari huo hupanuka ukawa eneo, na mche wa mbele huanza kuuziba wa nyuma. Baadaye huja umbali: vijia vya wachumaji vinasongamana kuelekea juu, rangi za mbali zinapauka.

Hatua hizo zisigeuzwe rula. Lowenfeld mwenyewe alitofautisha wanaochora wanachokiona na wanaochora wanachokihisi mwilini. Mtoto akichora mchumaji mwenye mikono mikubwa kupita kiasi, mgongo umepinda chini ya kikapu, huenda ameeleza kazi hiyo vizuri kuliko aliyepatia vipimo. Kumwambia aipunguze mikono ni kumnyang'anya alichokijua.

Hapo ndipo ufundi wa mwalimu unapoonekana, na ni ufundi wa kujizuia. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere, Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1930, alikuwa akisimulia tukio kwa maneno, kisha kila mwanafunzi achore picha iliyomjia akilini. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Gregory Maloba kutoka Kenya, aliyechonga Mnara wa Uhuru wa Kampala, wa mwaka 1962. Mwalimu anayeshika penseli na kurekebisha mche kwenye karatasi ya mtoto hupata picha nadhifu zaidi, lakini hupoteza ushahidi: haijulikani tena nani amekua. Swali moja, "Ukisimama hapa, mche wa pili unauona wote?", hufanya kazi kubwa kuliko mkono wake.

Ukosefu wa rangi una suluhu ya hapohapo. Majani ya chai yakichemshwa sana hutoa maji ya kahawia yanayopakwa kwa brashi. Yakikauka na kupakwa tena, rangi hukolea. Tabaka moja hutosha kwa kilima cha mbali, tatu au nne kwa vivuli vya mbele. Mwanafunzi hujifunza mwanga na giza kwa rangi moja tu, mafunzo bora kuliko kisanduku cha rangi kumi na mbili.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kote nchini Kenya mwaka 2019 kwa madarasa ya chini, unataka kazi za mwanafunzi zihifadhiwe kwenye potfolio. Mtihani wa sanaa wa KCSE, unaofanywa mwishoni mwa sekondari, nao una mradi unaofanywa shuleni kwa miezi, mbali na karatasi za nadharia na vitendo. Aghalabu zinazohifadhiwa ni kazi zilizopendeza, na hilo ni kosa. Mchoro ulioachwa nusu, wenye mstari uliofutwa mara mbili pale miche inapozibana, ndio unaoonyesha siku mtoto alipoanza kuona umbali. Kila karatasi huhitaji tarehe nyuma yake, pamoja na swali aliloulizwa mwanafunzi siku hiyo, na fahari ya mwalimu husimama juu ya mfululizo huo, awe amepata kikombe kwenye mashindano au la.